Mtoto Hulala Wapi

Mimi ndiye karani wa uhamisho, dawati la tatu,
wilaya ya shule ya Fenmore, kaskazini mwa Wisconsin,
kaunti yenye ng'ombe wengi kuliko watu.
Fomu huanza kuja theluji ikiwa bado magotini,
hufungwa Ijumaa ya mwisho ya Aprili, saa kumi jioni.
Saa kumi na dakika moja si saa kumi.
Niliwahi kumrudisha mama aliyepasukiwa na tairi,
bahasha kifuani, grisi hadi viwikoni.
Sikulala usiku ule.
Kesho yake nikamrudisha mwingine.

Kanuni nazijua kama ngazi za nyumbani gizani:
mwenye ndugu shuleni hutangulia;
nafasi zikipungua, majina hutiwa kopo la biskuti, tukachota;
mcheza mpira akihama, msimu mzima hukalia benchi;
na basi halivuki mpaka.
Hugeuka kwenye daraja la Kolb, hata inyeshe mvua ya mawe,
hata mtoto awe hatua ishirini ng'ambo, akipunga mkono.
Fedha za serikali humfuata mwanafunzi kama ndama mama yake,
ndiyo maana Wexley hawapendi kumwachia mtu.

Mwezi wa tano akaja Lowell Haverkamp,
mgane, mfuga ng'ombe, kofia mkononi,
buti zake zikiacha samadi kwenye zulia letu.
Ombi lake lilikwisha kukataliwa: darasa la nne limejaa.
"Sikuja kuomba nafasi," akasema.
"Nimekuja kuuliza naishi wapi."

Akatandaza ramani juu ya kaunta.
Zamani wapima ardhi waliufuata mto;
mto ukachoka, ukahamia kwingine, mstari ukabaki.
Babu yake akajenga juu yake bila kuuona.
Husemwa sheria ni msumeno.
Huu ulikata jiko pembeni,
ukakiacha chumba cha kulala upande wa pili.

Nikafungua kitabu. Kifungu hakina shaka:
mtoto ni wa wilaya anamolala.
Si anamokula, si anamochekea,
si alikozikwa mama yake.
Chumba cha Signe kiko Wexley.
Nilimsomea hivyo, kwa sauti yangu ya kazini.
Akaitikia kwa kichwa, akaikunja ramani vibaya,
kama mtu aliyeachiwa shuka peke yake.

Wiki mbili, barua ya mstari mmoja:
Mtoto amehama. Anwani ni ileile.

Kuhakiki ni kazi yangu. Nikaenda saa tatu usiku,
na tochi, na utepe wa kupimia, na fomu.
Kitanda kilikuwa jikoni,
kimebanwa kati ya friji na mlango wa stoo.
Signe amelala kifudifudi, daftari la hesabu chini ya mto,
kidole cha gumba kina wino.
Baba yake alikuwa amepiga mstari sakafuni
kwa chaki ya buluu ya maseremala.
Nikapiga magoti. Nikapima mara mbili.
Kichwa, Fenmore. Kiuno, Fenmore. Magoti, Fenmore.
Nyayo zote mbili, inchi tisa, Wexley.

"Friji haisogei," akanong'ona Haverkamp. "Nimejaribu."

Fomu ina visanduku viwili, ndiyo na hapana.
Hakuna kisanduku cha nyayo.
Na mkazi haombi nafasi, mkazi huletewa kiti,
na basi humchukua mlangoni, mlango wa jiko.
Nilikaa pale chini mpaka friji ikaacha kunguruma.
Baridi ya Mei ikaingia, ikapita juu ya sakafu.
Mtoto akavuta blanketi,
akajikunja, akaiokota miguu yake hadi tumboni.

Nikaandika: saa tatu na dakika arobaini na moja.
Wakati wa ukaguzi, mtoto mzima yumo Fenmore.
Nikatia sahihi, nikapiga muhuri juu ya goti langu.

Nani aliyeuacha mlango wazi,
fomu haiulizi.